Doti Iliyokatwa

Mwaka 1921 ndugu wawili matajiri wa Boston, William na John Spaulding, walitoa zawadi ya picha za chapa za Kijapani zaidi ya 6,000. Jumba la Sanaa la Boston likazipokea pamoja na sharti lake: zisitundikwe ukutani hata siku moja. Anayetaka kuziona aombe, afunguliwe, atazame, kisha zirudi gizani. Ukisikia hivyo unadhani ni uchoyo. Lakini buluu ya zamani ya Wajapani ilikamuliwa katika petali za ua dogo la kondeni, na zambarau nyingi zilichanganywa kwa buluu hiyohiyo. Ikikaa mkabala na dirisha, muda si mrefu inageuka rangi ya vumbi. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua wachoraji kama Harunobu au Utamaro walikusudia rangi gani hasa huishia Boston. Kwingineko nyingi zimepauka, kwa kosa la kupendwa na kutazamwa.

Mbwera sijapata kuona picha ya Kijapani hata moja. Nilichokiona ni masanduku. Mahali hapa katika wilaya ya Kibiti pamo ndani ya delta ya Rufiji, na kupafikia ni kwa boti, nayo boti husubiri maji yajae. Yakipwa, mkondo uliopita asubuhi unabaki tope na mizizi ya mikoko. Watu wanalima mpunga, wanavua kamba na samaki, wanakata boriti kwa kibali na pengine bila kibali. Nyumbani, juu ya kichaga ili kukwepa unyevu, pana sanduku la mama mwenye nyumba. Khanga za kushindia hazimo humo. Hizo ziko kwenye kamba au zimefungwa kiunoni. Zilizomo ni zile zenye sababu: ya harusi ya fulani, ya kutoka ukumbini, ya mwaka wa mafuriko, iliyoletwa na mume alipotoka Zanzibar, iliyonunuliwa kwa ajili ya ugomvi uliokwisha zamani. Katikati ya mikunjo kuna karafuu au vijiti vya udi, maana delta ina ukungu na nondo wasio na huruma.

Ninavyoona mimi, sanduku hilo ni mkusanyo, kwa maana ileile tunayolipa neno hilo tunapowazungumzia kina Spaulding. Lina kanuni zake za kuchagua, lina wajuzi wake, lina soko lake. Na ukiliweka kando ya makabati ya Boston na Paris unaona jambo ambalo wakusanyaji wa picha za Kijapani walilipoteza mapema: kitu kilichochapwa kwa wingi kinaweza kupata thamani kwa jinsi kilivyogawanywa, si kwa jinsi kilivyobaki kizima.

Ulinganisho huu haukuhitaji kutafutwa kwa tochi. Picha ambazo Ulaya iliziita sanaa, huko Edo, mji ambao leo ni Tokyo, ziliuzwa dukani kama bidhaa nyingine yoyote. Mchoraji alichora kwa wino tu. Mchongaji akaubandika mchoro juu ya ubao wa mti wa cheri na kuuchonga, kisha akachonga ubao mwingine kwa kila rangi. Mchapaji akapaka rangi kwenye mbao, akalaza karatasi na kuisugua kwa mkono. Juu ya wote hao watatu alikaa mwenye duka, aliyetoa mtaji, aliyechagua somo, na aliyeweka muhuri wake pembeni. Serikali ya huko ilipoamua mwaka 1842 kuzuia anasa, iliweka kikomo cha mbao saba au nane kwa picha moja na bei isiyozidi mon 16. Kwa mon 16 mtu wa Edo alikula bakuli la tambi za soba barabarani. Tunazungumza, basi, juu ya kitu cha bei ya mlo mmoja: waigizaji waliokuwa wakitamba msimu ule, warembo wa mtaa wa starehe, mlima Fuji. Msimu ukipita, picha ilifungiwa vitu au ikazibia tundu la ukuta.

Khanga nayo ina mwenye duka juu yake. Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake Mombasa mwaka 1887, na alama ya nyumba hiyo, Mali ya Abdulla, imechapwa pembeni mwa khanga zisizohesabika mpaka leo. Mwenye duka ndiye aliyesikiliza wanawake wanataka nini, akachoresha, akachagua jina, akapeleka agizo kiwandani, kisha akangoja meli. Mwanzoni, kabla viwanda vya mbali havijashika kazi, baadhi ya vitambaa hivi vilipigwa chapa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, kazi ileile ya Edo kwa mkono mwingine. Kisutu, khanga ya bibi harusi ya wekundu, weusi na weupe ambayo mara nyingi haina jina, bado inabeba mpangilio wa vitambaa vya Gujarati. Halafu zikaja za Uholanzi na Uingereza, za India, na kuanzia mwaka 1968 za Urafiki, kiwanda kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China.

Na kati ya hizo zilikuja za Japani. Hapa hadithi mbili nilizokuwa nazitembeza bega kwa bega zinagusana kabisa. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianza safari za kawaida kuja Afrika Mashariki. Mikataba ya kimataifa kuhusu bonde la Kongo, ambayo mipaka yake ilinyooshwa hadi Bahari ya Hindi, iliwazuia Waingereza kulinda pamba yao kwa ushuru wa upendeleo, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, na katika miaka ya 1930 vitambaa vya bei nafuu kutoka Japani vilijaa maduka ya pwani hadi wenye viwanda wa Lancashire wakapiga kelele. Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi iliendelea. Kiwanda cha Daido-Maruta mjini Kyoto ni miongoni mwa waliochapa vitambaa kwa ajili ya Afrika, khanga zikiwamo. Kyoto ni mji ambao mafundi wake wametia rangi vitambaa vya kimono kwa karne nyingi. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba mwanamke wa Mbwera ana kwenye sanduku lake chapa halisi ya Kijapani, yenye maneno ya Kiswahili, wala haimshughulishi. Anachojua juu yake ni nani alimpa.

Lugha za michoro hii miwili zinafanana zaidi ya nilivyotarajia nilipoanza kuzisoma pamoja. Picha za rangi nyingi za Edo zilishika kasi mwaka 1765 kutokana na mchezo wa kupeana zawadi. Serikali ilijiwekea haki ya kutoa kalenda. Watu wenye nafasi, wanachama wa vikundi vya ushairi, wakajichapishia za kwao: ndani ya mkunjo wa vazi la msichana au matawi ya mti walificha namba za miezi mirefu na mifupi ya mwaka ule, wakapeana mwanzo wa mwaka, na aliyepewa alitakiwa afumbue mwenyewe. Suzuki Harunobu alichora nyingi kati ya hizo. Baada ya msimu wenye maduka wakazichukua mbao zilezile, wakaondoa namba, wakauza picha kwa umma.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa ladha ya kitu cha namna hiyo. Khanga yenye jina kama Wema hauozi inaweza kuwa shukrani au inaweza kuwa mwiba, kutegemea nani amemvalia nani, mlango gani aliupita, na juzi walisemeshana nini kisimani. Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu majina ya khanga, alionyesha kwamba nguvu ya jina ni kule kukanika: aliyechomwa akilalamika, aliyevaa atasema amevaa nguo tu, na mlalamikaji atakuwa amejitaja mwenyewe. Utamaro hakuwa na kinga hiyo. Mwaka 1804 alichora picha za Hideyoshi, mtawala wa zamani ambaye kumtaja lilikuwa jambo la siasa, akatiwa pingu za mikono siku 50. Fumbo la kwenye karatasi limesainiwa, lina jina la mchoraji na muhuri wa duka. Fumbo la kwenye khanga limechapwa na mtu wa mbali asiyemjua mlengwa, na mvaaji hulikodi kwa saa moja ya kupita barabarani. Kwa maoni yangu fumbo la khanga ni chombo bora, kwa sababu hiyo hasa: maneno yake hayana mwenyewe mpaka yavaliwe.

Lakini soko la dunia haliwezi kununua kisicho na mwenyewe, na hapo njia zilianza kuachana.

Tazama picha za Edo zilivyohama. Baada ya Japani kufungua bandari zake na baada ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, Wafaransa walishikwa na homa. Siegfried Bing alifungua duka Paris. Vincent van Gogh, maskini asiye na kitu, alinunua mamia ya picha za Kijapani, takriban 660, kutoka kwa Bing katika majira ya baridi ya 1886 na 1887, nyingi zikiwa za bei poa. Mjapani Hayashi Tadamasa, aliyefika Paris kama mkalimani, katika muda wa miaka kumi na mmoja alipokea kutoka kwao zaidi ya picha 150,000 na maelfu ya vitabu vya picha. Vitabu hivyo vilikuwa vya kila aina: vya mashairi, vya michoro ya kujifunzia kama Manga ya Hokusai iliyoanza kutoka mwaka 1814 na kufikia juzuu 15, vya hadithi vilivyochapwa picha na maneno katika ubao mmoja. Huko Edo vitabu vya namna hiyo havikununuliwa na wengi. Vilikodishwa. Wakodishaji walivibeba mgongoni nyumba kwa nyumba, na hesabu ya mwaka 1808 ilikuta wakodishaji 656 Edo peke yake. Kitabu kilichopita mikono ya watu mia kina alama za vidole, mafuta ya taa, kurasa zilizokunjwa kona na matani yaliyoandikwa na wasomaji. Mkusanyaji wa Paris alikikataa. Alitaka nakala safi, ya chapa za mwanzo, kabla mistari ya ubao haijaanza kukatika.

Sina ugomvi na macho ya mkusanyaji huyo. Chapa ya mwanzo ya mchoraji Hiroshige, ambamo mchapaji aliisambaza buluu kwa kitambaa ikafifia taratibu kuelekea upeo wa macho, na chapa ya elfu kadhaa ya ubao uleule iliyopakwa kwa haraka, ni vitu viwili. Anayeujua utofauti huo anajua kazi ya watu. Tatizo ni kwamba usafi ulipogeuka kuwa ndiyo thamani, ulianza kutengenezwa. Frank Lloyd Wright, msanifu majengo maarufu wa Marekani, aliyewanunulia kina Spaulding picha nyingi Tokyo mwaka 1913, aliishi kwa biashara hii nyakati ambazo majengo hayakumlipa. Baada ya miaka michache baadhi ya picha alizowauzia wateja wake ziligundulika kuwa zimetiwa rangi upya juu ya rangi iliyopauka. Wauzaji wa Tokyo walikuwa wameelewa mteja anataka nini, wakampa.

Pwani yetu nayo iliwahi kumpa mteja alichotaka. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mpiga ala, mchonga milango na mwandishi wa hati nzuri, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia Wazungu waliokusanya tenzi kazi nyingi kwa herufi za Kiarabu, baadhi zikiwa na mapambo ya rangi. Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann wote walipata mkono wake. Nakala hizo sasa zimo katika maktaba za London na Ujerumani. Ni nzuri mno, na ni vitabu vya kutengenezewa kabati: mtu wa Lamu aliyetaka kusoma utenzi alitumia daftari lililochakaa, lililoazimwa kwa jirani, lenye mistari iliyorekebishwa na mjomba. Daftari hilo halikufika London, au lilifika mara chache sana. Kijuma alikuwa kwa kina Hichens kama Hayashi alivyokuwa kwa Wafaransa, pamoja na kwamba yeye mwenyewe alikuwa msanii: mtu wa kati aliyeijua mali ya kwao na akaijua njaa ya mgeni.

Khanga ilichelewa kuingia makabatini. Hivi sasa Jumba la Makumbusho la Uingereza lina nyingi, limeziandikia na kuzionyesha, na wapo watu binafsi wanaozitafuta. Wanachokitafuta kinafahamika: doti nzima, haijakatwa, haijapindwa, ikiwezekana wanga wa kiwandani haujatoka. Maandishi yasomeke, alama ya duka ionekane. Kwenye maelezo, penye nafasi ya msanii, huandikwa hajulikani, na kwa kuwa hajulikani bei haipandi. Kwa picha za Edo jina ndilo lililopandisha: mchoraji Sharaku alifanya kazi takriban miezi kumi tu, mwaka 1794 na 1795, akatoweka, na siri ya jina lake imekuwa sehemu ya bei yake. Aliyechora khanga ya korosho iliyovaliwa kuanzia Lamu hadi Kilwa hana hata siri ya kuuza.

Nirudi kwenye hiyo doti, maana ndiyo kiini cha mambo. Khanga hutoka dukani mbili zikiwa zimeshikana. Wakusanyaji wa picha za Kijapani wana kitu cha karibu na hicho: picha ya karatasi tatu, ambapo daraja au mto au mstari wa wanawake waliovaa vizuri unaanzia karatasi ya kulia na kumalizikia ya kushoto. Zamani hizo mtu aliweza kununua karatasi moja tu kati ya tatu, na miaka ilivyopita karatasi zilitawanyika, moja Paris, nyingine Chicago, nyingine imeliwa na wadudu. Kwa muuzaji wa leo kuzikutanisha ni ushindi. Karatasi iliyo peke yake ina aibu ya ukiwa, na kwenye orodha ya mauzo utaikuta imeandikwa wazi kuwa ni ya kati tu, au ni ya kushoto tu. Bei inashuka kwa kipimo hicho.

Mbwera, doti inakatwa. Mara nyingi inakatwa ili mtu mmoja ajifunge kimoja na kujitanda kingine, hilo ni la kawaida. Lakini zipo doti zinazokatwa ili zigawanywe: kimoja kwangu, kimoja kwa shoga yangu, tuvae siku moja kwenye shughuli na watu waone. Mashoga hufanya hivyo, mtu na wifi yake hufanya hivyo, mama humpa binti kipande siku anapoondoka kwenda kwa mume. Baada ya hapo kipande kilichomo sandukuni kina anwani ya mwenzake. Mwanamke akikikunjua haanzi kusoma jina la khanga. Anasema mwenzake kiko Kiongoroni, au kilikuwa kwa marehemu fulani, au yule tulikosana akakirudisha, na akacheka.

Nilisimuliwa huko habari ya mnunuzi aliyetoka mjini akitafuta khanga za zamani. Alifunguliwa sanduku na bibi mmoja, akapenda kipande kimoja chenye herufi za mtindo wa zamani, akauliza kingine kiko wapi.

"Kwa wifi yangu," bibi akamwambia.

"Bibi, kikiwa kimoja hakina bei."

"Mwanangu, mimi nilikwambia kina bei?"

Mnunuzi alisema kweli kwa upande wake. Katika soko lake, kipande kimoja ni kama ile karatasi ya kushoto. Ila nikimfikiria bibi huyo naona alikuwa anajibu kitaalamu. Doti nzima isiyokatwa, ile ambayo jumba la makumbusho lingeipokea kwa glavu nyeupe, kwa hesabu ya sanduku la Mbwera ni nguo ambayo bado haijatokewa na lolote. Inaweza kuwekwa hivyo kwa makusudi, kungoja harusi ya mjukuu, na hapo thamani yake ni ya ahadi. Ikikaa mno bila kukatwa watu huuliza kwa nini.

Alama za umiliki nazo zinasema mambo mawili tofauti. Hayashi alipiga muhuri wake mdogo kwenye picha zilizopita mikononi mwake, na wanunuzi wa leo huutafuta kwa kioo cha kukuzia, kwa kuwa unathibitisha picha ilitoka mikono ya mjuzi. Wanawake wa Mbwera hushona uzi wa rangi, au msalaba mdogo wa sindano, kwenye pembe ya khanga. Sababu ni ya kivitendo: msibani khanga huazimwa, hufunika, hutandikwa, hukalishiwa wageni, zikachanganyika na za wenzao, asubuhi ya tatu kila mtu anatafuta uzi wake. Muhuri wa Paris unasema kitu hiki kilikuwa changu. Uzi wa Mbwera unasema nimekiazima, kirudi.

Nisije nikaifanya delta kisiwa cha wema. Masanduku haya yamejazwa na biashara ya mbali. Majahazi ya Kiarabu yalikuja kwenye mikondo hii kubeba boriti za mikoko kwenda kuezekea nyumba za Ghuba. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait lililokuja kupakia boriti Rufiji mwaka 1939 na akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Mabaharia wa majahazi hayo walibeba bidhaa zao binafsi ndani ya masanduku yao na kuzichuuza kila bandari. Boriti zilienda, nguo zikaja. Leo mchuuzi wa khanga anakuja na boti ya mashine, anakopesha, na daftari lake linafungwa mpunga ukivunwa. Asiyelipa anakutana na jina lake likitajwa mbele za watu. Kuna wivu wa khanga, kuna mashindano, kuna mwanamke anayenunua doti asizozihitaji ili mwingine asizipate. Kina Goncourt, wakusanyaji wa Paris, wangemwelewa mara moja.

Edmond de Goncourt ndiye anayenifanya nisiwahukumu wakusanyaji wa Ulaya kwa jumla. Aliandika vitabu juu ya Utamaro, mwaka 1891, na Hokusai, mwaka 1896, na nyumba yake ilijaa vitu vya Kijapani. Alipofariki mwaka huo wa 1896 wosia wake ulikataza mkusanyo usiingizwe makumbushoni. Aliagiza upigwe mnada, ili kila kitu kiwe tena raha ya mtu aliyekitafuta mwenyewe. Mnada ukafanyika mwaka 1897. Goncourt aliyaogopa majumba ya makumbusho kama watu wa delta wanavyoogopa sanduku lisilofunguliwa, na dawa aliyoijua ilikuwa fedha.

Wajapani wenyewe walikuja kuijua gharama ya dawa hiyo. Mwaka 1920 tajiri wa meli Matsukata Kōjirō alinunua kutoka kwa Henri Vever, sonara wa Paris, picha karibu 8,000 ili zirudi nyumbani. Sasa zimo katika Jumba la Makumbusho la Taifa, Tokyo. Vitu vilivyouzwa kwa bei ya bakuli la tambi vilinunuliwa tena kwa bei ya utajiri, na vikarudi vikiwa kimya. Zilirudi picha. Mtu aliyeibandika ile ya mwigizaji kwenye ukuta wake, jina la mtu aliyekodi kile kitabu, sababu ya kununua ya kushoto bila ya kulia, hivyo havikuwamo kwenye makasha ya Vever kwa sababu hakuna aliyeviuliza wakati vilipokuwa vinajulikana.

Khanga bado zinaulizika. Mwanamke akifariki Mbwera, sanduku lake hufunguliwa mbele ya ndugu. Waliomwosha hupewa zao kwanza. Kisha binti, wakwe, mashoga, na mwenye kipande cha pili cha doti akiwa hai huitwa apewe mwenzake, hata kama ametoka kijiji kingine na amechelewa na maji. Zilizopauka hazitupwi: zitakuwa ubeleko, halafu nepi, halafu kata ya kubebea ndoo kichwani. Mali inayogawanywa hivyo haiwezi kukaa pamoja miaka mia, na mtu wa makumbusho anaweza kulia. Lakini kila kipande kinatoka mle kikiwa na maelezo yake, yanatamkwa kwa sauti mbele ya mashahidi, na anayekipokea anayabeba.

Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam, London au Kyoto akitaka kuziandika khanga za delta, ushauri wangu ni aache kwanza kutafuta doti zilizo salama. Sampuli safi zitapatikana kwenye mafaili ya viwanda. Aje Mbwera na maji ya asubuhi, apige hodi, aseme shikamoo, akae mkekani. Ataonyeshwa moja baada ya nyingine, na akijaribu kuzipanga kwa miaka, bibi atazichukua na kuzipanga upya: hizi za kwa mama, hizi za Kiongoroni, hizi za yule aliyekwenda Mafia akarudi. Aandike kwa mpangilio huo.